Mabwawa ya Zamani Juu ya Mto Mkondoa: Yanavyozeeka na Dalili Zinazopaswa Kuangaliwa

Mto Mkondoa unaopita katika mji wa Kilosa hauanzii Kilosa. Sehemu ya maji yake hutoka nyanda kame za Dodoma, ambako mto hujulikana kwa jina la Kinyasungwe. Kutoka huko hushuka kupitia Gulwe katika Wilaya ya Mpwapwa, hufuata bonde lile lile linalopitiwa na reli ya zamani ya kati hadi Kidete, kisha huingia Kilosa ukiwa Mkondoa. Mbele ya Kilosa maji hayo huungana na Mto Wami na kuishia katika Bahari ya Hindi.

Kwa sababu hiyo, mkazi wa Magomeni anaweza kuona mto umejaa siku ambayo Kilosa haikunyesha hata tone. Mvua za Dodoma huwa za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na huweza kunyesha kwa nguvu wakati vuli ya Kilosa imekwisha na masika haijaanza. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, Mkondoa ulipovunja kingo zake, ukaingia mjini, ukaziacha familia nyingi bila makazi na kuisomba sehemu ya reli kati ya Kilosa na Gulwe. Maelfu ya wakazi walihamia katika kambi, na safari za treni katika reli ya kati zilisimama kwa miezi kadhaa.

Katika bonde hilo hilo yapo mabwawa ya udongo yaliyojengwa zamani. Hombolo na Ikowa, yote mawili ya mkoani Dodoma, yalijengwa mwaka 1957 ili kuhifadhi maji kwa matumizi ya watu, mifugo na mashamba. Kidete, lililo karibu zaidi na Kilosa, lilikusudiwa kupunguza nguvu ya mafuriko kabla hayajaifikia reli na mji. Tuta lake lilibomoka katika mvua za El Niño za mwaka 1997/98. Baada ya mafuriko ya 2010, kulijenga upya bwawa hilo kulikuwa miongoni mwa hatua zilizotangazwa na Serikali. Kutajwa kwa mabwawa haya hakumaanishi kwamba lolote kati yake liko karibu kubomoka leo. Kunamaanisha kwamba mji ulio chini ya mto una haki na sababu ya kufahamu namna bwawa linavyozeeka, kwa kuwa bwawa la zamani hutoa dalili kabla ya kuleta madhara, na dalili nyingi huonekana kwa macho ya mtu yeyote anayejua cha kutazama.

Bwawa la udongo lilivyojengwa

Mabwawa mengi ya maji nchini Tanzania ni ya udongo ulioshindiliwa. Tuta lake kwa kawaida huwa na sehemu ya kati, iitwayo kiini, iliyojengwa kwa udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji kwa urahisi. Pande mbili za kiini hufunikwa kwa udongo wa kawaida unaolipa tuta uzito na uimara. Upande unaogusana na maji hupangwa mawe makubwa ili mawimbi yasiule udongo. Upande wa pili, ulio mkavu, hupandwa majani mafupi ili mvua isiuchimbe.

Hakuna tuta la udongo lisilopitisha maji kabisa. Maji kidogo hupenya siku zote, na hilo halina hatari mradi yatoke polepole, yakiwa safi, na yapite mahali palipoandaliwa. Kwa ajili hiyo wajenzi huweka tabaka la mchanga na kokoto ndani ya tuta au chini ya mguu wake. Tabaka hilo hufanya kazi ya chujio: huruhusu maji kutoka na huzuia chembe za udongo zisitoke pamoja nayo.

Sehemu mbili nyingine zina umuhimu wa pekee. Ya kwanza ni bomba la kutolea maji, ambalo hupita chini ya tuta na kupeleka maji kwenye mitambo ya kusafisha au mifereji ya mashamba. Ya pili ni utoro wa maji, yaani njia iliyochongwa kando ya tuta ili maji ya ziada yapite bwawa linapojaa. Utoro ndio unaolinda uhai wa bwawa la udongo. Ukuta wa zege unaweza kustahimili kufurikwa kwa muda, lakini tuta la udongo likipitiwa na maji juu ya mgongo wake huanza kumomonyoka mara moja, na huweza kukatika katika muda wa saa chache.

Uzee wa kwanza: mashapo

Kila mvua inayonyesha juu ya shamba lisilo na makinga maji huchukua udongo. Maji yakifika katika bwawa hutulia, na udongo huo huzama chini na kuwa mashapo. Nyanda za Dodoma, zenye mvua chache zinazonyesha kwa kishindo juu ya ardhi iliyo wazi, ni miongoni mwa sehemu za nchi ambako jambo hili lilichunguzwa mapema. Katika miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti walipima mmomonyoko na mashapo katika mabonde kadhaa yaliyo karibu na Dodoma, likiwemo bonde la Ikowa. Waligundua kwamba bwawa lenye umri wa miaka kumi na kidogo tu lilikuwa limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nafasi yake.

Hesabu rahisi hueleza jambo hili. Bwawa lenye ujazo wa mita za ujazo 1,000,000 likipoteza asilimia 2 kila mwaka, huingiwa na mita za ujazo 20,000 za tope kwa mwaka. Baada ya miaka 25 nusu ya nafasi yake huwa ni tope, ingawa mtu anayesimama kandoni wakati wa masika huona ziwa pana kama lilivyokuwa siku ya kwanza. Upungufu hujitokeza wakati wa kiangazi, maji yanapokwisha mapema kuliko zamani.

Mashapo huleta madhara matatu. Maji ya matumizi hupungua. Maji yanayobaki huwa hafifu kwa ubora: bwawa lenye kina kifupi hupata joto, huota mwani, na katika nchi kame ambako uvukizi huzidi mvua kwa mbali, chumvi hubaki nyuma na kuongezeka, kama inavyofahamika kwa maji ya Hombolo. Dhara la tatu husahaulika mara nyingi, nalo linawahusu zaidi wakazi wa chini ya mto. Bwawa lililojaa tope hupokea mafuriko kidogo tu kabla ya kufurika, hivyo maji ambayo zamani yangezuiwa kwa muda hupita moja kwa moja kuelekea bondeni.

Katika Mkoa wa Morogoro mfano ulio karibu ni bwawa la Mindu katika Mto Ngerengere, kandoni mwa barabara ya kuelekea Mikumi na Iringa. Bwawa hilo lilikamilika katikati ya miaka ya 1980, likiwa na uwezo wa kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 20, na ndilo chanzo kikuu cha maji ya Manispaa ya Morogoro. Sehemu ya nafasi hiyo imechukuliwa na udongo ulioletwa na mito. Ndiyo sababu juhudi za kuongeza maji ya mji huo zimehusisha mpango wa kuinua tuta na wakati huo huo kulinda ardhi ya juu ya mto. Kuinua tuta bila kutunza milima ni sawa na kununua pipa kubwa zaidi la kukingia tope.

Uzee wa pili: maji yanayopenya

Mashapo hupunguza faida ya bwawa, lakini maji yanayopenya vibaya huweza kulibomoa. Tatizo huanza pale chembe za udongo zinapoanza kutoka pamoja na maji. Kila chembe inayotoka huacha nafasi, nafasi hiyo hupitisha maji mengi zaidi, na maji hayo hung'oa chembe nyingine. Kidogo kidogo hutengenezwa mrija ndani ya tuta, kuanzia upande mkavu kurudi nyuma kuelekea kwenye maji. Mrija ukikifikia kilindi cha bwawa, tuta huweza kubomoka katika muda mfupi sana.

Njia za maji hutengenezwa kwa namna nyingi katika tuta la zamani. Mizizi ya miti mikubwa hupenya ndani. Mti ukifa, mzizi huoza na kuacha tundu. Mchwa hujenga vichuguu vyenye vyumba na njia ndefu. Panya na wanyama wengine wachimbao hutoboa. Mifugo inayopanda tuta kila siku kwenda kunywa huchimba mapito yanayogeuka kuwa makorongo wakati wa mvua. Bomba la chuma lililozikwa zaidi ya nusu karne huota kutu na kutoboka, na maji yanayovuja kutoka humo hula udongo unaolizunguka bila mtu kuona.

Uzito wa maji husaidia kuelewa ukubwa wa jambo. Mita moja ya ujazo ya maji ina lita 1,000 na uzito wa tani moja. Kwa hiyo mahali penye kina cha mita 10, kila mita moja ya mraba hubeba mgandamizo wa takriban tani 10, mchana na usiku.

Uzee wa tatu: utoro usiotosha tena

Mhandisi aliyechora bwawa mwaka 1957 alikadiria mafuriko makubwa kwa kumbukumbu chache za mvua alizokuwa nazo. Tangu wakati huo misitu imekatwa, mashamba yamepanuka na miji imekua, hivyo mvua ile ile hutiririka kwa wingi na kwa kasi zaidi. Mabadiliko ya tabianchi nayo huleta mvua kubwa katika muda mfupi. Utoro uliotosha wakati ule huenda usitoshe leo, na hali huwa mbaya zaidi pale utoro unapozibwa kwa magogo, majani, mchanga au hata mashamba.

Ipo pia desturi inayofanyika kwa nia njema: kuweka mifuko ya mchanga au mawe katika utoro ili bwawa lihifadhi maji zaidi wakati wa ukame. Kina huongezeka kwa nusu mita, na watu hufurahi. Lakini nusu mita hiyo ni nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mafuriko. Mvua kubwa ikija, maji hukosa njia na hupita juu ya tuta.

Yaliyotokea kwingine

Tarehe 5 Juni 1976, katika bwawa jipya la Teton nchini Marekani, wafanyakazi waliona asubuhi maji ya tope yakitoka karibu na mguu wa tuta. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika. Watu 11 walifariki. Idadi ingekuwa kubwa zaidi kama wakazi wa bondeni wasingehamishwa katika zile saa chache.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba binafsi lilibomoka huko Solai, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, baada ya mvua kubwa za masika. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, wengi wakiwa majumbani mwao. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 juu ya mji wa Derna nchini Libya yalibomoka katika dhoruba moja, na maelfu ya watu walifariki. Onyo la kitaalamu kuhusu bonde hilo lilikuwa limechapishwa mwaka uliotangulia.

Maafa ya Solai na Derna yalitokea usiku, wakati wa mvua, na waliopata hasara kubwa walikuwa wale wa bondeni ambao hawakupewa taarifa kwa wakati. Pale Teton ambako dalili ilionekana mchana na taarifa ikapelekwa haraka, wengi waliokoka.

Dalili za kuangaliwa

Mchungaji, mvuvi, mkulima au mtoto anayechota maji hupita kwenye tuta mara nyingi kuliko mhandisi. Hata katika lambo dogo la kijiji, mambo yafuatayo yakionekana yanapaswa kutolewa taarifa siku hiyo hiyo:

- Maji yanayotoka upande mkavu wa tuta yakiwa na rangi ya tope. Maji safi yanayotiririka kidogo huhitaji kufuatiliwa. Maji ya tope huhitaji hatua ya haraka.
- Maji yanayovuja yakiongezeka ilhali kina cha bwawa hakijapanda.
- Chemchemi mpya, au mchanga unaobubujika kama uji unaochemka, karibu na mguu wa tuta.
- Ufa mrefu juu ya mgongo wa tuta, au sehemu iliyotitia na kuacha shimo.
- Udongo ulioporomoka katika ubavu wowote wa tuta.
- Kizingia cha maji ndani ya bwawa, kama maji yanayoingia katika tundu la sinki.
- Majani mabichi yaliyostawi wakati wa kiangazi katika sehemu moja tu ya ubavu mkavu, ishara kwamba unyevu unapita hapo.
- Utoro ulioziba, uliomomonyoka au uliojengewa kizuizi.

Anayetoa taarifa hahitaji kuwa na uhakika wa chanzo cha tatizo. Inatosha aeleze alichokiona, mahali alipokiona, saa, na rangi ya maji. Picha ya simu husaidia sana. Haifai mtu kujaribu kuziba uvujaji kwa kumwaga udongo juu yake, kwa maana maji yakizuiwa hapo hutafuta njia nyingine ndani ya tuta. Wataalamu hufunika sehemu hiyo kwa mchanga na kokoto maalumu zinazoruhusu maji kutoka na kuuzuia udongo.

Wenye dhamana kisheria

Usalama wa mabwawa nchini husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, pamoja na Kanuni za Usalama wa Mabwawa za mwaka 2013. Msingi wake ni kwamba mwenye bwawa, awe taasisi ya umma, kijiji au mtu binafsi, ndiye anayewajibika kulitunza na kuhakikisha linakaguliwa na wataalamu walioidhinishwa. Kujenga bwawa bila kibali ni kosa. Kwa Kilosa, mamlaka ya bonde ni Ofisi ya Bonde la Maji Wami/Ruvu yenye makao yake Morogoro. Miradi ya maji ya vijijini iko chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Ukanda huo ukiachwa na nyasi na miti yake, hupunguza kasi ya maji ya mvua na kukamata udongo kabla haujaingia mtoni. Kingo za Mkondoa zilizolimwa hadi majini humeguka kwanza mto unapojaa. Makatazo haya hayahusu tuta lenyewe: juu ya tuta la bwawa miti haitakiwi, huku ukingoni mwa mto inatakiwa sana.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya Taifa hadi kata, vijiji na mitaa. Taarifa ya hatari hupelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji au kijiji na kwa Mtendaji wa Kata, ambao huifikisha Ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji wa Wilaya. Maisha yakiwa hatarini, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 na Polisi kwa namba 112.

Maandalizi ya kaya

Kwa kuwa mafuriko ya Mkondoa huweza kutoka mbali, kaya iliyo karibu na mto hufaidika kwa kufuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania za mikoa ya Dodoma na Morogoro kwa pamoja. Mvua kubwa ikitangazwa kwa Dodoma na Mpwapwa, hiyo ni taarifa ya Kilosa pia.

Kila kaya inapaswa kuwa na makubaliano ya mambo machache kabla ya msimu: mahali pa juu pa kukimbilia, njia isiyovuka mto wala kalvati, mtu wa kumsaidia mzee, mgonjwa au mtoto, na mahali pa kutunzia vyeti na dawa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Amri ya kuhama ikitolewa usiku, hakuna muda wa kujadili mambo hayo. Maji yakionekana kupanda ghafla, au yakipungua ghafla wakati mvua inaendelea juu ya mto, ni busara kuondoka bondeni bila kusubiri; kupungua huko huweza kumaanisha kwamba magogo au udongo umeziba njia mahali fulani na utaachia kwa mkupuo.

Baada ya mafuriko, maji ya kisima na ya bomba lililovunjika huwa yamechanganyika na ya vyoo. Yanapaswa kuchemshwa au kutibiwa kwa dawa hadi wataalamu wa afya na maji watakapothibitisha usalama wake, kwa kuwa kipindupindu hufuata mafuriko mara nyingi.

Mkulima anayelima kwa matuta ya kukinga maji kwenye mteremko, na mfugaji anayetumia birika nje ya bwawa badala ya kupitisha ng'ombe juu ya tuta, wote wawili huongeza umri wa bwawa kwa gharama ndogo kuliko ile ya kuondoa tope au kujenga upya tuta lililokatika. Mikutano ya vijiji na vitongoji inayofanyika kabla ya mvua ni mahali panapofaa kuuliza maswali matatu kuhusu bwawa au lambo lililo karibu: nani mwenye dhamana yake, lini lilikaguliwa mara ya mwisho, na je, utoro wake uko wazi?